Shati la Baba Mbele ya Kitambaa cha Kijani

Juzi nilialikwa harusi Chake Chake, kwenye ukumbi mmoja mpya wenye viti vilivyovishwa vitambaa na taa zinazobadilika rangi. Biharusi alipokuwa anaingia, kijana wa muziki akabonyeza kitu chake pembeni, moshi mweupe ukaanza kutambaa sakafuni, ukazunguka miguu ya watu na kupanda hadi magotini. Wageni wakatoa simu zao wapige picha. Mimi pua yangu ikaikamata ile harufu, tamu kidogo na imeungua kidogo, nikajikuta niko nje karibu na matangi ya maji, pua nimeiziba kwa mtandio. Rafiki yangu Mwanaisha akanifuata kuniuliza kama nina mimba. Nikamwambia sina. "Basi vyeje, harusi ya watu waikimbia?" Nikamwambia moshi unaniumiza kifua. Ulikuwa uongo, lakini ukweli wake ungetuchukua mpaka Alasiri, na pilau lilikuwa bado halijaletwa.

Ukweli ni kwamba moshi ule niliunusa kwa mara ya kwanza kwetu Mgogoni, ndani ya shamba la mikarafuu, nikiwa bado sijang'oka hata jino moja. Na nilikuwa nimekaa pale namngojea baba yangu atoke ndani yake.

Baba alikuwa mchumaji wa karafuu. Alikuwa hodari wa kupanda, na kila msimu wenye mashamba walimgombania. Siku aliyoanguka mkarafuuni nilikuwa chuoni nasoma Kurani. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja na pikipiki ya kukodi kutoka Tibirinzi, akanichukua kabla hatujafunga, akanilaza kwake usiku ule na kunipa biskuti ambazo siku nyingine huzificha juu ya kabati. Nilizila zote. Asubuhi akanirejesha nyumbani. Tulifika wakati wanaume wanatoka kwetu, wengi, wakienda haraka, na katikati yao kuna kitu kimebebwa mabegani, kimefunikwa kitambaa cha kijani chenye maandishi ya dhahabu. Wakapokezana, wakapokezana, wakaingia kwenye mikarafuu, na kijani kile kikapotea ndani ya kijani cha majani. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, wala mtoto wa kike haendi, basi kwangu mimi habari iliishia pale ukingoni mwa shamba.

Nikauliza baba yuko wapi. Shangazi akasema kasafiri. Bibi, mama yake baba, akasema Mungu kamchukua. Jirani mmoja aliyekuwa anakuna nazi uani akasema kapelekwa pahala pazuri. Wote walikuwa wanalia, na wote walisema maneno mazuri, na hakuna hata mmoja aliyesema kafa. Nina hasira nao mpaka leo, ingawa wengi wao wameshatangulia. Mtoto ukimwambia mtu kasafiri, atakaa anamsubiri, sasa walitaka nifanye nini kingine?

Mama akaingia eda. Alikaa chumba cha ndani, kanga mbili zilizopauka mwilini, hana wanja, hana udi, hatoki, haonekani na mwanamme asiye maharimu wake. Alikuwa anashona kofia. Alikuwa fundi wa kofia tangu usichana wake, anadarizi viua vidogo vidogo mpaka unadhani vimechorwa kwa kalamu, na katika siku zile za eda alishona kuliko wakati mwingine wowote. Alikuwa hasemi. Nikimletea chai hunishika kichwa, akatazama nyuma yangu mlangoni, kisha akarudi kwenye sindano yake.

Neno moja la mama nalikumbuka katika siku zile, na nililisikia baada ya khitma, pale Bibi alipokusanya nguo za baba kuzitoa sadaka kama ada yetu ilivyo. Kulikuwa na shati moja la buluu lililokuwa likitundikwa nyuma ya mlango. Kiwiko chake cha kulia kilichanika mkarafuuni, na mama, kwa kuwa siku ile hakuwa na uzi mwingine, alikitia kiraka kwa uzi wa zambarau wa kofia, akakidarizi viua juu yake. Wenzake baba walimchokoza msimu mzima. Walimwambia kiwiko chako hicho kinakwenda sala ya Ijumaa, wewe mwenyewe huendi. Baba alicheka nao, na shati akaendelea kulivaa.

"Mama, hili niachie," mama alimwambia Bibi.

"Nguo ya ntu alokwenda haiwekwi ndani. Itoke, apate thawabu zake."

"Moja tu."

"Hata hiyo moja."

Shati likaenda pamoja na nyingine. Alipewa Bwana Faki, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye hakuwahi kulivaa kwa sababu lilimbana tumbo.

Eda ya mama ilikuwa imeshavuka nusu walipokuja watu wa sinema. Ndivyo tulivyowaita, ingawa wao wenyewe walikuwa wanatengeneza tamthilia ya televisheni, sehemu moja katika nyingi, kuhusu watu wa sayari nyingine wanaokuja kuwachukua binadamu. Walitoka Dar es Salaam na malori mawili. Wakaonana na sheha, wakapewa ruhusa, wakaingia kwenye shamba lile lile ambamo wanaume walipotelea na kile kitambaa. Inasemekana walizunguka nchi nzima wakitafuta msitu ambao ukibadilishwa rangi utafanana na dunia nyingine, na mwisho wakauona wetu. Wazee waliona fahari kidogo kusikia hivyo. Mimi leo sioni sifa iko wapi kuambiwa kwenu ndiko kunakofanana na mahali pasipokuwepo.

Chombo chao cha anga kilitengenezwa na mafundi seremala wa Chake, kwa plaiwudi na mabati, kikapakwa rangi ya fedha. Misumari yake mikubwa ilikuwa vizibo vya chupa. Mlango ulifunguliwa kwa kamba, na mtu aliyejificha nyuma ndiye aliyekuwa anaivuta. Sisi watoto tuliona yote hayo. Tulimwona kijana aliyekuwa anashika mti mrefu wenye kipaza sauti kilichovishwa manyoya, tukamwona mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kuwafukuza kuku wasiwike. Tuliwaona baba zetu wadogo wakipakwa masizi na udongo mweupe ili wawe watumwa wa sayari, wakapakiwa kwenye lori asubuhi kwenda kupigwa picha upande wa pili wa shamba, wakarudishwa jioni wanakohoa na kucheka. Hakuna aliyetudanganya. Kila mtoto wa Mgogoni alijua kuwa chombo kile ni ubao na bati, na mimi nilijua pia.

Lakini kitambaa cha kijani nilikiamini. Walikitundika baina ya mikarafuu miwili, kikubwa kuliko ukuta wa msikiti, kikateremka mpaka chini na kufunika majani. Nilipokiona mara ya kwanza nilisimama pale pale. Katika umri wangu wote nilikuwa nimekiona kijani cha namna ile mara moja tu, kikimchukua baba. Watoto wenzangu nao waligundua kufanana kwake, kwani mmoja alisema, kwa sauti ya chini, "Hilo la jeneza hilo," na wawili wakakimbia kwao. Mimi sikukimbia. Nilisogea.

Kulikuwa na msichana mmoja mwenye kushughulikia mavazi, tukimwita Dada Rehema. Alikuwa na pini nyingi kwenye mkanda wa mkono na alitupenda watoto. Nikamuuliza kitambaa kile ni cha nini. Alikuwa anapiga pasi, hakunitazama.

"Mtu akisimama mbele yake tunaweza kumpeleka popote," akasema. "Mwezini, kwenye nyota, popote tunapotaka."

"Na kumrejesha?"

"Na kumrejesha pia."

"Baba yangu alipelekwa."

Nadhani alifikiri baba yangu ni mmoja wa wale wa kwenye lori, waliopakwa masizi. Akanigusa shavu kwa mkono wake wa moto wa pasi. "Basi msubiri tu, mdogo wangu. Wote waliopelekwa watarudishwa." Nikamwamini. Yeye alikuwa mtu wa kwanza tangu siku ile kunipa jibu lenye mwisho.

Siku ya pili yake Dada Rehema alikaa kwenye baraza ya sheha na boksi la fulana mpya, akatangaza kuwa anabadilisha. Ukimpa nguo kuukuu ya shamba, iliyochakaa kwa jua na jasho, yeye anakupa mpya. Katika hadithi yao kulikuwa na mkulima aliyechukuliwa miaka mingi na sasa anarejea kijijini, na nguo mpya zisingefaa hata wazisugue vipi. Watu wetu walicheka siku nzima, wakisema kumbe Bara nako kuna wajinga. Bwana Faki akaenda mbio nyumbani kwake akarudi na mashati matatu. Ijumaa alikwenda msikitini na fulana yenye picha ya tai.

Kuanzia hapo nilikuwa nikimaliza chuo nakwenda moja kwa moja shambani, nakaa kwenye jamvi nyuma ya kamba waliyoifunga kuzuia watu. Sikuwaambia wenzangu ninangojea nini. Nilikwishawahi kumwambia mmoja kwamba baba yangu atarudi, akaniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda. Nilimwomba Mungu baba akirudishwa iwe mchana, kwa sababu usiku Bibi hanipi ruhusa ya kutoka.

Siku yenyewe walikuwa wanarudia jambo moja tangu asubuhi. Mwanamke mmoja mwigizaji, mzuri sana, kucha zake zimekatwa na kupakwa tope ili aonekane mkulima, alitakiwa atoke kwenye mikarafuu, amwone mumewe aliyepotea miaka, asimame. Ni hilo tu. Alitoka, akasimama, mwongozaji akasema kata. Akatoka tena, akalia, kata. Mwongozaji alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia nyekundu ya jua, na kila mara alikuwa anamfuata yule mwanamke na kumwambia kitu polepole, na kila mara mwanamke anaitikia kwa kichwa. Adhuhuri wakapumzika watu wasali. Waliporudi, mwongozaji akasema wampige mwanamme peke yake kwanza.

Mashine ya moshi ikaanza kunguruma. Harufu ile ikatufikia kwenye jamvi. Mlango wa chombo ukavutwa kwa kamba, na ndani ya weupe akatoka mwanamme, kichwa kaangalia chini, anatembea taratibu kama mtu aliyetoka kuumwa, akaja mpaka mbele ya kitambaa cha kijani. Taa zikampiga. Akanyanyua mkono wa kulia kujikinga macho, nikaona kiwiko. Viua vya zambarau juu ya buluu.

Uso wake sikuutazama. Ningeutazama ili iweje? Nilikuwa nimeshampata. Wala sikumkimbilia, kwa sababu baba akirudi kutoka safari kazi yangu ilikuwa moja, nayo ni kumtangulia mbio nyumbani nikamwambie mama aweke maji ya kuoga. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote akitoka kuchuma mashamba ya mbali. Nikanyanyuka kwenye jamvi nikakimbia.

Mama alikuwa chini, karibu na dirisha, kofia mapajani.

"Mama, baba kaja."

Sindano ilisimama.

"Kavaa shati lake."

"Shati lipi?"

"La viua. Yuko shamba, kwenye kitambaa. Weka maji."

Kisha akaitoa kofia mapajani, akaichomeka sindano mahali pake isije ikamchoma mtu, akasimama. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Alipomwona mama anapita mlango wa nje, miguu mitupu, kanga ya kichwa imemwanguka mabegani, aliacha ungo ukaanguka.

"Wenda wapi? We nwanamke, wenda wapi na eda?"

Mama hakugeuka. Nilikuwa nimemshika kidole, nikiona fahari kuu, nikimwongoza.

Tulipofika ukingoni mwa shamba walikuwa wanapiga tena. Mama akaniachia mkono. Akapita baina ya mikarafuu, akaingia kwenye ule mwanga wao bila kuuona. Yule mwigizaji mwanamke aliyekuwa anasubiri zamu yake akarudi nyuma kumpisha. Msaidizi mmoja alinyoosha mkono kumzuia mama, na mwongozaji, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa, akamkamata msaidizi yule shati. "Usikate," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Mtu asiguse kitu."

Mwanamme alikuwa amegeuka upande. Mama akasimama. Nilikuwa ubavuni, nikauona uso wake wote, na katika maisha yangu yote sijawahi tena kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Alikuwa mzuri. Nilikuwa nimeshasahau kuwa mama yangu ni mzuri. Akaenda, akaukamata mkono wa lile shati, akauvuta kwake na kupitisha kidole juu ya viua, kimoja kimoja.

Hapo mwanamme akageuka. Alikuwa kijana wa watu, hata ndevu hazijakaza, poda inamchuruzika kwa joto. Mama akamtazama. Mimi nikamtazama. "Siye," nikasema, na hakuna aliyenisikia.

"Livue," mama akamwambia.

"Samahani, mama?"

"Livue."

Kijana yule akamtazama mwongozaji, kisha akamtazama mama, na nadhani yeye peke yake pale ndiye aliyefahamu kuwa jambo lililokuwa likitokea halimo katika tamthilia. Akafungua vifungo. Akalivua, akampa kwa mikono miwili. Alibaki kifua wazi mbele ya kitambaa cha kijani, na moshi unaendelea kutoka, mpaka mwongozaji akasema kata. Kuna mtu nyuma ya kamera akapiga makofi.

Hakuna aliyenieleza chochote baada ya hapo, na sikuuliza tena. Tulirudi nyumbani mama mbele, mimi nyuma, shati ameliviringisha kifuani. Nilijua baba hakusafiri. Nilijua na kile kitambaa cha mwanzo kilikwenda wapi. Nilitapika uani, na Bibi alipokuja kunishika nikamsukuma.

Magharibi ilipokaribia, Dada Rehema akaja kupiga hodi. Alikuwa amelia. Alisema kijijini wameshamweleza habari ya mama, alisema samahani nyingi, lakini wamebakiwa na siku mbili za kupiga picha, na yule mkulima lazima aonekane na shati lile lile, sivyo kazi yote ya wiki nzima imeharibika. Aliahidi kulirejesha kwa mkono wake. Mama alikuwa kalala na uso ukutani. Bibi akaingia, akalitoa shati chini ya mto wake, na mama hakushindana naye, kisha Bibi akaenda kumkabidhi Dada Rehema mlangoni.

"Nguo hino ilishatolewa sadaka," Bibi alisema. "Si yetu tena. Chukueni."

Siku ya tatu malori yalipakiwa vitu na kuondoka kuwahi meli. Shati halikurudi. Sidhani kama walikusudia kutudhulumu. Nadhani lilitiwa kwenye sanduku na nguo nyingine na likasahauliwa. Chombo cha anga walikiacha pale pale. Watu wakachukua mabati, na kwa miaka mingi banda la kuku la Bwana Faki lilikuwa na ukuta wa fedha wenye vizibo vya chupa.

Shehe wetu alipoulizwa alisema mama arejee ndani, amalize siku zake, amwombe Mungu msamaha, basi. Mungu alikuwa mwepesi. Watu ndio waliokuwa wazito. Bibi alishindwa kupita kisimani bila kuulizwa mkamwana wake anaendeleaje, kwa sauti ile ya kuuliza ambayo si ya kuuliza. Hata hivyo eda ikaisha, mama akafukiza udi, akatoka, akaenda kuchambua karafuu na wenzake, nami nikaanza kufikiri kuwa yamepita.

Kisha ile sehemu ikaonyeshwa. Tulikwenda wote kwa jirani mwenye televisheni kubwa, baada ya Isha, wanawake ndani kwenye majamvi na wanaume nje dirishani. Mwanzo kulikuwa na kicheko kitupu. "Yule ni wewe, tena na masizi yale hata nkeo hakujui." Mikarafuu yetu walikuwa wameigeuza rangi ikawa myekundu. Kisha likaja lile shamba, na moshi, na mtu anatoka. Na mama. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali. Mama yangu akatoka kwenye majani mekundu, kichwa wazi, katika kanga zake za eda, na pale palipokuwa na kitambaa cha kijani sasa pana mbingu kubwa na miezi miwili imening'inia. Uso ukafunguka. Akashika mkono wa shati. Hapo hapo wakakata, wakaonyesha chombo kinapaa. Lile neno "livue" hawakuliweka.

Mama alijifunika kanga yote. Bibi alinyanyuka akatoka, na nilimwona akishika ukuta.

Baada ya siku chache ndugu zake mama waliitwa waje kumchukua, wampeleke kwao kaskazini ya kisiwa. Bibi alisema nyumba yake imeonyeshwa nchi nzima, imetosha. Na mimi? Mimi nilikuwa mtoto wa mwanawe, sikuwa na pa kwenda. Mama aliniosha, akanisuka nywele, akanivisha gauni la Idi siku isiyokuwa Idi. Nilimshika kidole mpaka kwenye gari, na huko akakitoa kidole chake mkononi mwangu taratibu.

Nilikuwa nikipelekwa kumwona sikukuu mbili kwa mwaka. Safari moja, nikiwa nimeshakua kidogo, nilimuuliza kama siku ile alikuwa ameniamini. Alikuwa anashona kofia ya mteja, macho yameanza kumchoka.

"Nalijua kama kafa," akasema. "Wewe ukanambia kaja. Nikaondoka vivyo hivyo."

Alifariki huko kwao kwa maradhi ya kifua, kabla sijavunja ungo. Bibi ndiye aliyenipa habari. Aliniita chumbani, akafunga mlango, akanikalisha kitandani. "Mamaako kafa," akanambia, hivyo hivyo, kisha akanishika. Nilipelekwa nikauona uso wake kabla hawajamtoa, na lilipopita lile la kijani nilijua nini kiko chini yake.

Picha ya mama sina. Hakupenda kupigwa, na waliokuwa nazo wamezipoteza. Nilicho nacho ni kile kipande, ambacho kijana mmoja wa Chake alinitafutia kwenye mtandao na kunitilia kwenye simu. Wanaoandika maoni chini yake wanasema ndipo mahali pazuri kuliko pote katika tamthilia nzima, na wanamsifu yule mwigizaji mwanamke, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa.

Kutoka kwenye harusi sikurudi kwangu, nilikwenda Mgogoni kulala kwa Bibi. Amekuwa mkongwe, macho yote mawili yameingia ukungu, anajua watu kwa sauti na kwa kuwashika mikono. Alinusa nguo zangu akaniuliza nimetoka wapi na harufu hiyo. Nikamwambia harusini, walikuwa na mashine ya moshi. Akajinyoosha kitandani. Nilidhani amelala.

"Hiyo ya mamaako," akasema, "unayo kwenye simu?"

Sikujua kama anajua. Nikamwambia ninayo.

"Niwekee."

Nikaweka. Katika kipande kile hapana maneno, pana upepo na muziki tu, basi akaniomba nimwambie kinachoonekana. Nikamwambia mtu anatoka kwenye moshi. Nikamwambia mama anatoka kwenye mikarafuu. Anamwona. Anakwenda. Anamkamata mkono.

"Na shati?"

"Kalivaa."

"Lile la mwanangu?"

"Lile lile, Bibi. Na kiraka chaonekana."

Alinyoosha mkono, akakipapasa kioo cha simu kwa vidole vyake, chote, juu mpaka chini. Kikajizima kwa kuguswa.

"Kaniomba moja tu," akasema. "Ningemwachia."

Nikakiwasha tena kioo, nikarejesha mwanzo, na mama akatoka tena kwenye mikarafuu.